Nilivyokoroma Nikiwa Macho

Nina tabia mbaya ya kushuku, na sikuianza jana. Mke wangu husema nikiletewa chai nanusa kwanza kikombe, ndipo nauliza nani kaipika. Ananitania, lakini hajakosea sana.

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, tabia hiyo ilinenepa. Shamba langu halikuwa mbali na kambi. Miti ilikatwa kuni, mihogo iking'olewa kabla haijakomaa, na asubuhi moja nikakuta hata ua wa nyumba haupo. Mtu mwenye njaa utamwambia nini? Nilikasirika tu, kisha nikachoka. Nikauza mbuzi wote, nikateremka Biharamulo hadi Nyamirembe, ziwani, nikanunua mashua kuukuu ya tanga. Mimi, Mhangaza wa milimani, nisiyejua kuogelea!

Kazi ilikuwa kununua maharage na mahindi sokoni Nyakahura, kuyafikisha ziwani kwa lori la kuomba, na kuyavusha hadi kisiwani Maisome, kwa wavuvi ambao walikuwa na samaki hadi wa kutupa lakini hawakuwa na kitu cha kulia nao. Tulisafiri usiku. Usiku upepo hutoka nchi kavu, ukakusukuma kwenda ziwani. Mchana hugeuka, ukakurudisha ulikotoka. Mzinza wa pale ziwani aliyeniuzia mashua alinifundisha kwa misimu miwili, kisha akahamia Mwanza, akaniacha natafuta mwenzi.

Safari ya usiku inataka watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine analala juu ya magunia. Zamu tuliipima kwa kibatari kilichofichwa upepo ndani ya debe: kikiisha mafuta, unamwamsha mwenzako. Kwa hiyo kazi yenyewe, ukiitazama vizuri, ni kumpa mtu mwingine roho yako na kufumba macho. Kwangu hiyo ilikuwa adhabu.

Mwenzi niliyempata alikuwa kijana wa makamo, mpole, aliyekuwa akipakia magunia pale Nyakahura. Tulipogundua tunasema Kihangaza sote wawili nilifurahi kama mtoto. Alitaja kijiji chake, nikakijua. Akawa ananiita kaka. Lakini siku ya kwanza alipopanda chombo, machale yakanicheza. Alishika kamba ya tanga kwa mkono wa kushoto, usukani akaubana kwapani, akaanza kupiga mluzi. Mimi nilihitaji misimu miwili ili niache kutapika. Mhangaza gani huyu anayejua tanga hivi? Kwetu maji makubwa ni yale ya mtoni.

Nikaanza kumsikiliza kwa makini. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, mgeni hawezi kuvitenganisha, ila sikio la nyumbani linaweza, na maneno yake mengine yalikuwa na ladha ya ng'ambo ya mpaka. Mtendaji alikwisha kutangaza pale mwaloni, mashua zinapotia nanga, kwamba chombo kitakachokutwa na mkimbizi asiye na kibali kitashikiliwa. Mashua ile ndiyo mbuzi wangu, shamba langu na ada ya watoto. Ikishikiliwa, narudi Ngara kutazama visiki.

Mtu mwingine angemwuliza, yakaisha. Mimi nilimtega. Nilimwuliza mlango wa kanisa la kwao unatazama wapi, nani alikuwa katekista, chemchemi iko upande gani wa barabara. Alijibu yote akicheka, isipokuwa chemchemi, ambayo aliihamishia ng'ambo ya barabara. Usiku ule sikulala. Nikaanza hata kudhani anapuliza kibatari ili zamu yake iishe mapema. Alipokuja kuniamsha niliinama kwenye debe kunusa utambi. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nimedondosha kiberiti.

Kisha nikabuni ujanja wangu mkubwa: kujitia usingizi. Zamu yake ikianza nilijifunika blanketi gubigubi, nikaacha tundu la jicho moja, nikakoroma. Nilikoroma vizuri kweli, kwa kupanda na kushuka, safari baada ya safari, huku nikimtazama. Hakuwahi kufanya lolote. Hilo nalo lilinitia wasiwasi.

Usiku ninaotaka kuueleza tulikuwa tumejaza mashua hadi juu. Hapakuwa na mwezi. Nilikuwa chini ya blanketi, nakoroma, nilipomwona ameacha mluzi. Akageuza kichwa kutazama nyuma yangu, upande ambao mimi sikuweza kuuona bila kujifunua. Kisha akaniita, taratibu.

"Kaka."

Nikakoroma.

"Kaka, amka kidogo."

Nikaongeza sauti. Nilijiambia: anapima kama nimelala. Akaita mara ya tatu, kwa haraka, halafu akanyamaza, na nikaona nyota zikihama juu ya mlingoti. Alikuwa anageuza chombo. Mbele yetu palikuwa na weusi wa kisiwa kimoja cha hifadhi ya wanyama, ambako hakuna kijiji wala soko na kutia nanga ni kosa. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, kuna watu wanamngoja pale.

Niliruka na blanketi langu, nikamsukuma, nikaushika usukani kwa mikono miwili na kuurudisha ulikokuwa.

Hapo ndipo nikaona alichokuwa anakitazama. Umeme uliangaza nusu ya ziwa, na chini yake maji yalikuwa meupe, yanakuja. Upepo ukatupiga kutoka ziwani. Tanga likarushwa upande wa pili kwa kishindo, kamba ikapita mikononi mwake ikaondoka na ngozi, na turubai likachanika kwenye mshono. Maji yakaingia. Nilikaa chini nikamshika mguu. Nasema ukweli: nilimshika mguu mtu niliyekuwa nataka kumtupa.

Yeye ndiye aliyeteremsha tanga. Yeye ndiye aliyepiga kelele nitupe magunia, nami nikatupa, maharage ya msimu mzima, moja baada ya jingine. Kwa kipande cha turubai kilichobaki alikiingiza chombo nyuma ya kisiwa, mahali ambapo angekuwa amekwisha kutufikisha tukiwa wakavu. Tulichota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje hadi kukapambazuka.

Mvua ilipokatika alinionyesha viganja vyake, si kwa kulaumu, alitaka nimfunge kitambaa.

"Nilikuita mara tatu," alisema. "Usingizi gani ule, kaka?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda ni vile viganja.

"Sikuwa nimelala."

Akanitazama.

"Nilikuwa nakuchunga," nikasema. "Nilidhani wewe ni wa ng'ambo. Nilidhani unanipeleka kwa watu."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Nikamaliza kufunga fundo. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba baba yake ni wa kijiji kile kile alichonitajia, na mama yake ni Mrundi. Alikulia kwa wajomba zake, wavuvi wa Ziwa Tanganyika, akarudi kwa baba akiwa mtu mzima. Cheti cha ubatizo na kadi yake ya kupigia kura vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki kiunoni, vikavu. Alivitoa, akaviweka juu ya goti langu, akangoja nisome. "Ungeniuliza," alisema.

Nilisoma kwa sababu alikuwa anangoja. Aibu niliyoisikia sijaisikia tena, na nimezeeka.

Upepo wa nchi kavu ulirudi mzuri kabla jua halijapanda, tukapandisha tanga lililobaki. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya upole kadiri nilivyoweza, "Sasa lala wewe. Nitashika mimi mpaka Maisome."

Alihamia mbele, akakaa akiegemea mlingoti, uso kwangu, macho kwenye mikono yangu iliyoshika usukani.

"Sina usingizi, bwana," alinijibu kwa Kiswahili, na hakulala mpaka tulipofika.