Mstari Mweupe Juu ya Skrubu

Siku yangu ya kwanza kazini Louisville, Marekani, sikumwamini mtu yeyote, na hata kisu chenyewe sikukiamini. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliniwekea mezani kisu chenye mipini miwili na ubapa mmoja katikati. Kinaitwa kisu cha kipepeo, maana mipini hufunguka huku na huku, na ikifungwa humeza ubapa wote. Nikamwomba binti aliyekuwa akinitafsiria amuulize ni mtu gani anayenunua kitu cha namna hii, na kwa nia gani.

Msimamizi akacheka. "Mwambie wengine wanakichezea mkononi, wengine wanakiweka kabatini. Yeye akaze skrubu."

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010, wakati wakimbizi wengi wa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, walikuwa wakipangiwa kazi kwenye maghala na viwanda. Mimi nilishapita miaka sitini, lakini Uvira nilikuwa fundi wa baiskeli tangu ujana, na mikono hiyo ndiyo iliyonipatia kiti cha kukalia.

Ninyi vijana mnaodhani kukaza skrubu ni kuzungusha tu, nisikilizeni. Kisu kile kina skrubu mbili za bawaba, moja kwa kila mpini. Ukikaza mno, mpini unagoma. Ukilegeza, unayumba kushoto na kulia, na siku moja skrubu inadondoka na ubapa unachomoka mkononi mwa mtu. Unashika bisibisi mbili, moja kila upande, maana ukitumia moja pini yote inazunguka nawe na hujafanya kitu. Unakaza mpaka mpini usimame, kisha unarudisha nyuma kidogo sana, hadi uanguke wenyewe kwa uzito wake bila kucheza upande. Ukishaijua sehemu hiyo, unaitoa skrubu, unatia tone moja la gundi ya buluu kwenye meno yake, unairudisha palepale, na unakiacha kisu hadi kesho yake. Mwisho unachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mpini. Tuliuita mstari wa shahidi. Mstari ukikatika, ujue skrubu imegeuka.

Nilimpenda sana shahidi huyo. Kwetu nimeona mashahidi wa kununuliwa kwa chupa ya bia.

Kabla ya baridi kuanza, karakana ilihamishia kazi hiyo Columbus, nami nikahama nayo. Nilipanga nyumba Whitehall, upande mmoja wa mji, na kila asubuhi tulipanda gari moja watu wanne hadi karakanani Hilliard, upande wa pili. Meneja wa huko, mwanamume mfupi asiyepaza sauti, ambaye Kiingereza chake cha taratibu nilianza kukielewa, alinipa mwenzangu wa meza: mimi nakaza, yeye anafuta na kutia kwenye maboksi. Jina lake Rubeni, mmoja wa wale wanne wa garini, baba wa watoto watano, mtu wa milimani, kule juu. Mimi ni mtu wa chini, wa ziwani. Vita vilitugawanya, na kila upande una makaburi yake. La kwangu ni la ndugu yangu. Rubeni alinisalimia kila asubuhi kwa mikono miwili. Nami nilimjibu kwa mdomo tu.

Baridi ilipokolea, visu vikaanza kurudishwa na wateja. Skrubu zimelegea. Meneja akaniita na boksi mkononi.

"Hivi ni vyako," akasema. "Louisville hukurudishiwa hata kimoja. Nini kimebadilika?"

Sikuhitaji kufikiri. Kilichobadilika ni Rubeni.

Nikaanza kumchunga. Nilikuwa nikiaga kwenda chooni, halafu narudi upesi kwa mlango mwingine. Nikirudi kutoka mapumziko naangalia mistari yangu: kwenye baadhi ya visu imekatika, upana wa unywele tu, lakini imekatika. Siku moja nikamkuta ameinamia sinia langu na bisibisi mbili mikononi. Akaziweka chini haraka.

"Unafanya nini hapo?"

"Hapana kitu, papa. Niko naangalia tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Skrubu ile aliyoigusa niliijaribu, nikaikuta imekaza vizuri kuliko nilivyoiacha. Hilo lilipaswa kunizindua, maana mtu anayeharibu hakazi. Lakini nilikuwa nimeshahukumu, na nikaenda moja kwa moja kwa Meneja.

Rubeni aliulizwa kama aliwahi kufungua skrubu zangu. Akasema ndiyo. Akaulizwa kwa nini. Akanitazama mimi, si Meneja, kisha akasema hana la kusema. Meneja akamwachisha kazi palepale, naye akachukua koti lake. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ileile, na jumuiya nzima ya kanisa ilijua. Kesho yake kiti chake garini kilikuwa kitupu, na nikaweka mfuko wangu wa chakula juu yake.

Visu vikazidi kurudi. Sasa vilirudi vingi kuliko mwanzo. Meneja akafungua skrubu moja mbele yangu, akaisugua kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikabaki na doa linalong'aa.

"Mafuta," akasema. "Gundi haishiki penye mafuta. Yanatoka wapi?"

Niliingiza mikono yangu chini ya meza. Mama yangu alitulea akisema mtu mwenye mikono iliyopauka ni mtu asiye na ndugu. Baridi ya kule inachana ngozi, na kila asubuhi na kila mapumziko nilijipaka mafuta ya mgando mpaka viganja ving'ae. Glovu sikuzitaka, kwa sababu kidole kilichovalishwa hakisikii skrubu. Louisville nilifanya kazi miezi ya joto, wala sikuwa na haja ya kujipaka kitu.

"Sijui," nikamjibu.

"Labda ni zile alizogusa yule bwana," Meneja akasema. Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Kuanzia siku hiyo nilinawa kwa sabuni na kufuta kila skrubu kwa spiriti. Hakuna kisu kilichorudi tena. Meneja akanisifu mbele ya watu, na nilipokea sifa hiyo kwa aibu ambayo hakuna aliyeiona.

Nilistaafu na kuhamia Buffalo, kwa binti yangu. Jumapili ya kwanza akanipeleka kwenye kanisa la watu wetu, Lackawanna, jirani na Buffalo. Aliyekuwa akipanga viti mbele alikuwa Rubeni. Nilitaka kurudi mlangoni, lakini alishaniona, na akaja na mikono yake miwili.

Baada ya ibada nilimvuta pembeni, nikamweleza yote: mafuta, doa, na ule uongo wangu kwa Meneja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Bon, papa, mi nilijuaka," akasema. "Siku ya pili tu niliona ma-skrubu yako iko na mafuta. Donc, kila pause nilikuwa nafungula zenye naweza, napangusa, narudisha gundi. Zote sikuziweza, zilikuwa mingi."

"Sasa kwa nini hukuniambia, Rubeni? Neno moja tu!"

"Ningekuambia, papa, ungeniamini? Mi, mutu wa kule juu?"

Nimefanya kazi na mashahidi waliochorwa kwa rangi nyeupe, nikawaamini bila swali, na kumbe walichokuwa wakinionyesha ni mtu anayenisitiri. Nilitazama chini, kwenye mikono yangu. Tangu nilipoondoka Columbus nilikuwa sijipaki tena. Ilikuwa imepauka na kupasuka kwa baridi inayovuma kutoka ziwa la Buffalo.

Rubeni naye aliitazama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha mafuta, akakifungua na kukiweka kwenye kiganja changu.

"Jipake, papa," akasema. "Huku hakuna skrubu."