Mwili Ulisikia Mbele Yangu

Asubuhi ile tulikuwa ufukweni Pweto tukianika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru. Ukungu ulikuwa bado umelalia maji. Sauti za wavuvi zilitufikia bila wavuvi wenyewe. Vita tulikuwa tukivisikia tu, kama mvua inayonyesha kwa watu wengine.

Yaya Mwewa, dada yangu mkubwa, alisimama kunyoosha mgongo, mimi nikabaki nimechuchumaa.

"Unasikia vile ziwa inanyamaza?" akaniuliza.



Nilikuwa chini. Mchanga mdomoni, magoti tumboni, mikono juu ya kichwa.

Mlipuko wenyewe sikumbuki kuusikia. Mwili ulisikia mbele yangu, kabla sijajua lolote, ukaanguka, nami nikaufuata.

Nilipoinua uso, chisense walikuwa wakishuka kutoka juu polepole, wakimetameta.

Yaya hakuwa amesimama tena.

Watu walinivuta hadi kwenye mtumbwi, tukavukia Zambia. Waliobaki ndio waliomzika. Niliporudi, hakuna aliyeweza kunionyesha mahali.

Siku hizi ninaishi Lubumbashi. Tairi la taxi-bus likipasuka barabarani, najikuta nimechuchumaa katikati ya wapita njia, nyanya nilizonunua zikibingirika kuelekea mtaroni. Wengine hucheka. Mama mmoja aliwahi kuniokotea zote bila kusema neno.

Jioni ya siku hiyo nilimwuliza binti yangu Ngoie, aliyesomea udaktari kule chuo kikuu cha Kasapa, kwa nini mwili unanifanyia hivi.

"Mama, ile haiko bwoga," akasema. "Makelele ikiingia, mwili inajikunja mbele kichwa ijue ni nini. Hakuna muntu anachagua."

"Na yaya? Mwili yake haikusikia?"

Ngoie aliweka mkono juu ya goti langu.

"Ilisikia, mama. Lakini ye alikuwa amesimama."

Nililala vizuri baada ya maneno hayo, jambo ambalo sikulitegemea. Lakini kulala si kusahau.

Mwaka huu Ngoie amejifungua mtoto wa kike. Nilikuwa nimemlaza kitandani mchana, pazia likipepea, mwanga ukimtambalia usoni, upepo ukabamiza mlango. Mimi nilijikunja palepale. Yeye alifanya kinyume: alirusha mikono yote miwili wazi, vidole vimetanuka, kisha akaikusanya taratibu kifuani, kana kwamba amemkumbatia mtu.

"Batoto banazaliwa vile," Ngoie akasema kutoka jikoni, niliposimulia. "Anatafuta muntu ya kushika."

Niliinama, nikampa kidole. Alikishika kwa nguvu, akarudi usingizini.

Nilitamani kujua kama nami nilishtuka hivyo, mikono wazi, kabla sijajifunza kuitafuta ardhi. Mama yetu alikufa nikiwa bado nanyonya. Aliyenibeba, aliyenituliza, aliyeniona nikiwa mdogo hivyo, ni yaya. Hakuna mwingine wa kumwuliza.