Pazia la Andati

Watu wa Kariobangi South walimjua Andati Kweyu kama fundi wa taipureta kabla hawajamjua kwa jambo lingine lolote. Mungu alimwita mwaka huu, kabla ya Pasaka, akiwa bado na nguvu za kubeba mashine begani, na nyumbani kwake hakuna aliyepata moyo wa kuondoa bisibisi zake mezani. Lakini kazi aliyoifanya kanisani mwaka wa 1998 inafaa kusimuliwa, ili wanaomlilia wapate pia la kushukuru.

Ilianza na msaada. Kanisa lililetewa kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo, zikapangwa katika chumba cha watoto cha shule ya Jumapili. Zilikuwa nzito kama mawe ya kusagia, uwezo wake mdogo, na hakuna hata moja iliyokuja na panya wake, kile kifaa cha kusukuma kwa mkono ili kuelekeza mashine. Windows, ile iliyotumika maofisini mjini, ilijaribiwa kwenye moja. Mashine ikakoroma asubuhi nzima bila kufunguka. Mzee Bedan Wahome, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa karani wa reli hadi alipostaafu, akasema waziwazi kwamba vyuma vikuukuu vina wanunuzi soko la Gikomba, na watoto wanahitaji chumba chao.

Andati aliposikia hivyo moyo ulimshuka. Akina mama waliokuwa wakingojea darasa la kuchapa walitoka viwandani na sokoni. Kwao darasa lile lilikuwa njia ya kuingia ofisini bila kushika ufagio, na aliyewaahidi ni yeye.

"Nipe hadi Jumapili ya mavuno, mzee," alisema. "Nikishindwa, nitazibeba mwenyewe hadi Gikomba."

"Utashindwa, fundi. Lakini omba."

"Nitaomba na nitafanya kazi. Mungu hajasema tuombe tumekaa."

Alikuwa mbishi, hilo halifichiki. Ayuma, mkewe, alikuwa akisema kwamba Andati angebishana hata na redio, na redio ingenyamaza kwanza.

Ndambuki, waliyesoma naye sekondari, alikuwa amempa disketi za Linux. Huo ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioandikwa na watu wa nchi mbalimbali, wakaugawa bure, na mwenye subira anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha. Andati alianza kuupunguza. Alitoa michezo, akatoa picha na mapambo, akatoa kila kilichokula nguvu za mashine bila kumfaa mchapaji.

Yakabaki madirisha, yale ambamo kila kazi hufunguka kwenye kioo. Kwa kawaida dirisha jipya hulalia la zamani, nawe unahitaji panya ili kulivuta kando. Andati aliumiza kichwa kwa hilo hadi siku shemeji zake walipofika kutoka Butere. Ayuma alifunga kamba toka ukuta hadi ukuta, akatundika pazia, na chumba kimoja kikawa viwili. Shangazi naye alipofika, pazia la pili likapanda. Kila mtu alikuwa na kwake, na hakuna aliyelaliwa.

"Mama, rudia hapo," Andati alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo pazia."

"Lala wewe. Wageni wamechoka."

Ndivyo Andati alivyouandika mfumo wake. Dirisha la kwanza lilijaza kioo chote. Ukifungua la pili, kioo kiligawanyika, kila moja likapata upande wake, na yote yakaendeshwa kwa kubonyeza vitufe. Aliliita Toleo la Pazia. Baadaye watu wa Pumwani na Kware walikuja na disketi zao, naye akawanakilia bila kuwaomba chochote, maana alisema kilichopokewa bure hutolewa bure.

Teresiah, ambaye wote walimwita Mama Eve, alikuwa wa kwanza kukalishwa mbele ya mashine.

"Kweli haitaki panya?"

"Haitaki."

"Basi imetoka mbinguni. Hao wa nyumbani wanatutosha."

Amri zote Andati aliziandika kwa Kiswahili, akazibandika chini ya kioo, kila moja na kitufe chake: Fungua, Hamia, Hifadhi. Ya kuondoa dirisha aliitafsiri moja kwa moja kutoka neno la Kiingereza la mafundi, kill. Akaandika: Ua.

Jumapili ya mavuno ilifika, na baada ya ibada Mzee Wahome aliingia na mtihani wake. Bintiye, Wakiuru, alikuwa akiolewa, naye alitaka barua ya mwaliko ichapwe pale pale, kamati ikiona. Mama Eve akafungua majina ya wageni upande mmoja, barua upande wa pili, akawa anatazama huku na kuandika kule. Mzee aliinama karibu. Hata alitabasamu.

"Si mbaya," alisema. "Sasa weka pambo kidogo. Ni harusi."

Mama Eve akatazama karatasi ya amri, akabonyeza kitufe. Barua ikatoweka. Majina ya wageni yakatanuka, yakajaza kioo.

"Barua iko wapi?"

"Sijui, mzee. Nilikuwa naweka ua."

"Ua gani?"

"Ua, la harusi. Si limeandikwa hapa?"

"Haiya! Mama Eve ameua harusi!" akasema Ngigi, kiongozi wa kwaya, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee Wahome hakucheka.

"Fundi, unaandika kuua katika nyumba ya Mungu? Na kidole kikikosea, kazi ya mtu imepotea. Ofisi gani itamvumilia mchapaji wa namna hii?"

Andati alitaka kubisha. Lakini mzee alikuwa amesema kweli. Alimgeukia Mama Eve, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

"Mama Eve, mgeni akiaga kwako, unafanyaje?"

"Namsindikiza."

"Mikono mitupu?"

"Ati mikono mitupu! Hata kama ni yai moja, nitamfungia."

Andati akaketi. Watu walipokuwa wakinywa chai na kupiga mnada maboga ya mavuno, yeye alikuwa akiandika upya, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali, na pengine alikuwa akisali. Alipomaliza, neno Ua lilikuwa limefutwa. Kitufe kile sasa kiliitwa Sindikiza, na dirisha halikuondoka kabla mashine yenyewe haijahifadhi kilichokuwa ndani yake.

Mama Eve alichapa barua tena. Safari hii Mzee Wahome alibonyeza kitufe mwenyewe, kwa nguvu, kama anayetaka kiharibike. Dirisha likaenda. Alipoambiwa alifungue, maneno yote yalikuwa pale. Akarudia, na akarudia tena.

"Watoto wahamie chumba cha kwaya," alisema hatimaye.

"Na kwaya je, mzee?" Ngigi akauliza. "Tutaimbia wapi?"

"Nje," akajibu Wahome bila kuinua kichwa, kwa maana alikuwa amekwisha kumwondoa Mama Eve kitini, akitafuta kwa kidole kimoja herufi ya kwanza ya jina la binti yake.