Mangongo ya Koko Nyuma ya Jikoni

Juma lililopita jirani yangu hapa Kirotshe aliniomba mizizi ya mangongo akapande kwake. Nilimuuliza kwanza kama ana kivuli. Akanionyesha uwanja wake, jua tupu kutoka mlango hadi barabara. Nikamwambia apande mti, kisha arudi. Alicheka, lakini mimi sikutania. Mmea huu naujua, rafiki yangu. Niliujua nikiwa msichana wa miaka tisa kule Muheto, milimani Masisi, na aliyenifundisha ni koko, mama yake mama.

Koko alitoka Kibua, upande wa Walikale, baada ya mume wake kufa. Alifika kwetu na vitenge viwili, sufuria moja, na kikapu cha mizizi iliyofungwa kwa nguo yenye maji. Ilikuwa mizizi ya mangongo, yale majani mapana ya porini ambayo watu wa kwao hufungia chakula. Papa, baba yangu, alimpa kipande kizuri cha shamba karibu na maharagi. Koko alishukuru, akakikataa. Akachagua shimo dogo nyuma ya jikoni, chini ya mti mkubwa wa grevelia, ambapo maji ya kuoshea vyombo yalipita. Mama mmoja wa kanisani alisema baridi ya Masisi itayaua. Koko akamjibu kwamba baridi si kitu, adui ni jua.

Sisi watoto tuliokota majani makavu na kufunika udongo. Kiangazi tulibeba maji kwa bidoni. Jembe hakuliruhusu pale. Magugu aliyang'oa kwa vidole. Mwaka wa kwanza yalitoka majani matatu, akatukataza kuyagusa. Mwaka wa pili shimo lote lilikuwa kijani, ndipo akakata. Alipitisha kila jani juu ya moto hadi likalainika na kung'aa, akafungia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pamoja na kitunguu, pilipili na mawese, akazifukia kwenye majivu ya moto. Papa alikula, akaomba tena.

Papa huyo huyo ndiye aliyekuja na shoka. Alitaka kumjengea koko chumba, na mbao alizihitaji. Mimi nilifurahi sana, nikambebea kamba. Koko alilala kitanda kimoja na mimi, alikoroma, na magoti yake yalinichoma mgongo.

Koko alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakupaza sauti. Alisimama kati ya Papa na mti.

"Mukwe wangu, chumba utanijengea hata mwaka kesho. Hii kivuli, nani atanijengea?"

Papa alimweleza kwa heshima kwamba watu wanamsema yeye, kwamba mama mkwe wake analala na watoto kama mgeni asiye na mahali.

"Baseme. Mimi nalalaka muzuri." Kisha akanigeukia. "Ao mutoto njo amechoka na mimi?"

Wote wawili walinitazama, na kamba ilikuwa bado begani mwangu.

"Hapana, koko," nikasema.

Nilidanganya, na nadhani alijua. Papa aliliweka shoka begani akaenda zake. Uongo ule haujanisumbua hata siku moja, maana kabla ya mvua kurudi ulikuwa umekwisha kuwa kweli. Mwaka uliofuata Papa alijenga chumba kwa mbao za mkaratusi kutoka mlimani. Siku koko alipohamia, nilichukua blanketi langu nikamfuata.

Sasa koko amelala kaburini Muheto. Tulipolazimika kuhama, nilichimba mizizi ninayoilima leo. Mwaka jana nilipita pale: grevelia haipo, shimo limekauka, na mtu nisiyemjua amepanda viazi. Sikumlaumu, viazi vinapenda jua.

Ninachokililia ni kingine. Koko alipokuwa anang'oa magugu alikuwa akitaja mimea ya pori lake kwa Kinyanga, lugha ya kwao, mmoja mmoja: huu wa homa, huu wa mama aliyejifungua, huu usiguse kabisa. Mimi nilikuwa nikiitikia "ndiyo, koko" huku nikisikiliza wenzangu wanacheza mpira. Nilijifunza mmea mmoja, na huo naujua vizuri kuliko mtu yeyote wa Kirotshe. Mingine yote alinitajia, nikiwa nimechuchumaa karibu naye, bega kwa bega, na sikuishika.