Nilivyomgandisha binti yangu kwa AC niliyoichora mwenyewe, siku ya send off yake

Wakuu, heshima kwenu. Vijana mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshaipokea.

Ninachoandika hapa kimenitokea mie mwenyewe, ukumbini Chamazi, mbele ya mke wangu, wakwe zangu na kamati nzima ya sherehe. Hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Mashahidi ni wengi, na baadhi yao wamo humu humu jukwaani wanasubiri nikosee waniumbue.

Niko kwenye kazi ya AC tangu nilipomaliza kidato cha nne. Chuo sikusoma. Nilianza kwa kushika tochi na spana za wenzangu, nikaja kufunga zile za dirishani, kisha split, zile zenye kipande cha ndani na cha nje, na miaka hii ya karibuni nikaangukia kazi ninayoipenda kuliko zote: kupanga ubaridi wa majengo ya biashara kwa kanda.

Kwa asiyejua, jengo kubwa halinaga joto moja. Upande unaopigwa na jua la jioni una joto lake. Penye watu wengi pana lake. Karibu na jiko ndio usiseme. Ukiweka mashine inayopuliza sawa kila mahali, mmoja anavaa sweta na mwenzake anajipepea kwa gazeti, ndani ya chumba kimoja.

Kwa hiyo unaligawa jengo. Kila kanda inapata kipima joto chake ukutani, kiboksi cheupe, ukubwa kama swichi ya taa. Juu ya dari, ndani ya njia za bati zinazoleta hewa, kila kanda ina kilango chake kinachofunguka kwa mota. Kiboksi kikiona joto limezidi, kilango kinafunguka. Kikiona panatosha, kilango kinajibana na hewa inaenda kwa wengine.

Ni kama kugawa pilau kwenye shughuli. Mwenye njaa anaongezewa, aliyeshiba anarukwa.

Kazi nzuri sana, wakuu. Ila ilinila.

Kipaimara cha binti yangu Felista nilikuwa juu ya paa la duka Kinondoni. Mahafali yake nilifika watu wanakunja viti. Na hakuna bosi aliyenizuia. Nilikuwa naipenda kazi, nikajidanganya kwamba nawatafutia wao.

Basi mtoto alipochumbiwa na kijana mmoja anaitwa Edson, nikaapa moyoni. Send off ya huyu nitakuwepo kuanzia kiti cha kwanza kinapopangwa, na hatatoka hata tone la jasho.

Bahati (au mkosi), wakati huo ndio nilikuwa nimemaliza ukumbi mpya wa Bi Mwanaidi, mama mmoja mfanyabiashara wa huku kwetu Chamazi. Kanda nne: meza kuu, upande wa kulia, upande wa kushoto, na kule mlangoni. Mashine moja kubwa nje, vilango vinne juu ya dari. Nilichora mie, nikafunga mie, nikaujaribu ukumbi mtupu siku nzima. Ulikuwa mtamu.

Bi Mwanaidi aliniomba kitu kimoja tu.

"Fundi, niachie hata rimoti moja ya kushika mkononi."

Nikamcheka. Nikamwambia rimoti ndio adui wa ukumbi. MC akisikia joto anashusha, bibi akisikia baridi anapandisha, mwisho mashine haielewi imtii nani. Mtambo huu unajiongoza wenyewe, mama. Sanduku la kuuongozea nikalifungia stoo, nyuma ya jukwaa.

Hilo la rimoti naomba mlikumbuke.

Mke wangu yeye alitaka ukumbi mwingine, kule Temeke, ambao ndugu wote wanaujua. Nikakataa. Akaniangalia akasema, "Baba Felista, kwani sie tunamuaga mtoto au tunazindua AC yako?"

Nikamjibu vyote viwili. Akaguna. Nyie mliooa mnaujua ule mguno.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi nikaingia stoo na kufanya kitu ambacho kwa mteja yeyote nisingefanya. Nikaiambia mashine kwamba meza kuu ikiomba hewa, ipewe kwanza, wengine watapata kinachobaki.

Kwa nini? Kwa sababu pale atakaa mwanangu. Basi.

Nikatoka, nikamkuta mpambaji, dada mmoja anaitwa Zai, anashusha vitambaa. Kama hamjaona wapambaji wa siku hizi, huwa hawaachi ukuta. Vitambaa vyeupe na zambarau toka darini mpaka sakafuni, na taa kali chini zinamulika kwenda juu. Mlango wa stoo ulikuwa unakaribia kupotea nyuma ya ule ukuta wa maua unaowekwa nyuma ya bibi harusi.

Zai akaniita. "Baba, hiki kiboksi chako kipo hapa hapa nyuma ya kiti chake. Kitatokea kwenye kila picha. Nikiache au nikifunike?"

Wakuu, mie ndiye niliyewahi kuwafokea wahudumu wa zahanati moja Tandale kwa kuning'iniza kalenda juu ya kipima joto. Niliwafokea mpaka wakanichukia. Kifaa kile kinatakiwa kiguswe na hewa ile ile wanayoivuta watu. Ukikifunika kinakuwa kipofu. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Nikamwambia, "Kifunike mwanangu. Leo ni siku ya picha."

Siku ile nilijibu kama baba. Fundi nilimwacha nyumbani.

Jioni watu wakajaa. Upande wa kushoto sie, watu wa Masasi na majirani wa Chamazi. Upande wa kulia wakwe zetu, wamesafiri toka Makete, kule milimani kwenye baridi. Felista akaingia kwa nderemo, gauni la bluu lisilo na mikono, akapanda meza kuu na mpambe wake. Nilivyomwona nikajikuta natafuta leso.

Chakula hakijafika, naona anajisugua mikono.

Nikasema ni wasiwasi wa siku yenyewe.

Baadaye kidogo naona mpambe anampulizia viganja. Kile kitambaa nyuma yao kinapepea kama bendera. Upande wa kulia, wakwe wanajipepea kwa kadi za mchango. Baba yake Edson, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, alikuwa na koti zito la kahawia, lile la kuvaa kwenye baridi ya kweli. Alikuwa amelitundika kwenye kiti huku shati limemganda mgongoni.

Mke wangu akaniegemea sikioni.

"Mtoto anatetemeka."

"Ni furaha."

"Furaha haibadilishi midomo rangi, Baba Felista."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilihisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Nyuma ya vitambaa, taa za Zai zilikuwa zinakipika kile kiboksi. Mwanangu yupo pale anaganda, chenyewe kinaona jua la saa sita. Kinaiambia mashine, "Joto! Leta hewa!" Mashine inatii, tena kwa kipaumbele nilichokiweka mwenyewe. Ubaridi wote wa ukumbi unamwagwa juu ya kichwa cha mwanangu, na wakwe zangu wanachemka.

Rimoti hakuna. Stoo imezibwa na ukuta wa maua. Bi Mwanaidi kule mlangoni ananiangalia tu, kakunja mikono.

Wakati huo MC akatangaza ile sehemu inayopendwa na wote, binti ashuke akamtafute mchumba wake katikati ya watu na kumleta meza kuu. Kwa kawaida binti huringa. Anapita meza hii, anamwangalia huyu, anatikisa kichwa, watu wanacheka.

Felista hakuringa. Alishuka zile ngazi kama anawahi basi. Akanyooka moja kwa moja upande wa kulia, akamwona Edson, akamshika mkono, akavuta kiti, akakaa.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Bibie, mlete huku juu tumwone!" MC akaita.

Felista akatikisa kichwa.

"Jamani! Binti kagoma kurudi! Mzee hajatoa hata ruhusa, mwenzenu keshahamia ukweni!"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Wanadhani ni mapenzi. Mie namwona mwanangu analifurahia lile joto kama paka juani, na moyo unanisuta. Akilazimika kurudi pale kwa saa zilizobaki, sherehe yake ndio imeharibika, na aliyeiharibu ni mie niliyeapa kuilinda.

Nikatumia zile kelele. Nikajipenyeza nyuma ya vitambaa, na suti yangu na viatu vinavyong'aa, nikawa natambaa kwa ubavu ukutani. Kule nyuma kulikuwa na moto kama tanuri la mikate. Nikakifikia kiboksi, nikakishika, kimechemka kweli kweli. Nikaanza kuchomoa pini za Zai moja moja na kuigeuza ile taa.

Ndipo nikasikia, "Na sasa tunamuita baba mzazi, atoe nasaha na kumkabidhi binti!"

Makofi. Kisha kimya.

"Baba mzazi?"

Halafu sauti ya mke wangu, bila maiki, na ukumbi mzima ukaisikia: "Yupo. Yuko ndani ya pazia."

Nikatoka. Pini mdomoni, vimetameta vya mapambo kichwani, tai imezunguka begani. Kuna mtoto mmoja alipiga makofi akidhani mie ni sehemu ya burudani.

Nilikuwa na hotuba nimeikariri wiki nzima. Yote ikapotea. Nikashika maiki nikasema ukweli, maana kilichobaki ni hicho tu.

Nikasema, "Felista mwanangu, aliyekugandisha ni mie. Nilitaka leo upate hewa kuliko wote, nikakupendelea mpaka nikakuumiza. Na nyie wakwe zangu, joto mnalolisikia ni kwa sababu fungu lenu lote nimelimwaga pale juu. Kwenye shughuli zake nyingine sikuwepo kabisa. Leo nimekuwepo, nikazidisha. Mnisamehe."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Baba Edson akasimama. Taratibu, akalichukua lile koti kwenye kiti.

"Mkwe," akasema, "hili koti nimelibeba toka Makete. Mwanangu aliniambia, baba, ukumbi una AC, utaganda. Nimekaa hapa natoka jasho, najiuliza huyu mtoto kanidanganya kwa nini. Kumbe baridi ipo kweli, ila mmempa bibi harusi peke yake!"

Wakuu, ukumbi ulipasuka. Mke wangu alishika mbavu. Bi Mwanaidi kule mlangoni alikaa chini.

Mzee hakuishia hapo. Akamvalisha Felista lile koti, likamfika chini ya magoti, akamfunga vifungo mwenyewe. "Vaa, mama. Unakokuja kuolewa hali ndiyo hii. Anza kuzoea." Kisha akageukia watu wake. "Na sie tuliochemka, tunahamia mbele!"

Upande wote wa kulia ukainuka. Mashangazi wakatangulia wakicheza, wa kwetu wa kushoto nao wakaona wanaachwa, wakajazana wote pale mbele ya meza kuu. Ule ubaridi uliokuwa unamtesa mtu mmoja sasa ukapata watu wa kuupokea. Miili ile ikaupasha moto, kiboksi nilichokifunua kikawa kinaona tena, vilango vikaanza kugawa inavyotakiwa. Nilisikia kule juu ya dari ule mlio mdogo wa mota ukizunguka, na nadhani katika ukumbi ule niliusikia mie tu.

Nikacheza. Felista akanifikia na koti lake, akacheka machozi yakamtoka.

"Baba, kumbe unajua kucheza?"

Nikamwambia hata mie nimejua leo.

Sasa mafundi wenzangu, somo. Vile vipima joto vyote nimevitoa ukutani. Nimeviingiza kwenye njia ya hewa inayorudi kutoka kila kanda, ambako hakuna mpambaji anayefika. Kipaumbele nimekifuta. Na Bi Mwanaidi nimemwekea swichi ya mkono kwa kila kanda. Alipozishika alisema neno moja tu, "Fundi," na lilinitosha.

Nilikuwaga napima jengo likiwa tupu. Siku hizi kabla sijachora mstari nauliza: mtapamba nini hapa, mtatundika nini, watu wakifurahi wanakimbilia wapi? Jengo likiwa tupu halikwambii ukweli.

Na kwa nyie vijana mnaowakimbia watoto wenu kwa sababu ya kazi: fidia ya siku moja haipo. Nilijaribu kumlipa mwanangu miaka yote kwa jioni moja, kwa upepo wa AC. Nendeni tu, mkae kwenye kiti kama wazazi wengine.

Mwenye mkasa wake wa AC, wa ukumbi au wa ukweni auweke hapa chini, nasoma yote. Mwenye swali la kitaalamu aulize. Mwenye kunicheka acheke, nyumbani wameshamtangulia.

Ah, na picha. Zilipigwa nyingi, na meza kuu ilipendeza kama Zai alivyokusudia. Juzi tumeenda kwa Felista na Edson, na ukutani wametundika moja tu. Felista yupo na lile koti la kahawia, mdomo wazi kwa kicheko, mkono wake begani kwangu.

Nyuma yetu kitambaa kimechomoka, na kiboksi changu kinaonekana chote.