Orodha ya Kwenda Maporomokoni

Njia yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Ukishuka garini Mwandiga, unafuata kijia cha mashamba ya mihogo na michikichi kwa muda usiofika saa moja, unavuka kijito mara mbili, kisha unayasikia maporomoko kabla hujayaona. Hata vikongwe walikwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana Nasra, muuza vitenge wa Ujiji, alipomkuta Mwalimu Honorata akipiga mistari kwenye karatasi, akigawa nani abebe mihogo ya kuchemsha, nani samaki, yaani migebuka ya kukaanga, na nani chumvi, alimuuliza: "Mwalimu, tunakwenda kuoga au kufanya mtihani?"

Wanawake waliokuwa barazani walicheka, na Honorata akacheka nao. Miaka ishirini ya ubao na chaki ilikuwa imemfanya asiliamini jambo lisiloandikwa.

Aliyeiomba safari hiyo alikuwa Veneranda, jirani yake wa mlango wa pili pale Buzebazeba, ambaye alichukua dagaa ufukweni Katonga na kuwauza mtaani. Alikuwa amevuka kutoka Rumonge, Burundi, miaka minne nyuma, vita vilipomchukua mumewe. Alisikia kwamba juu ya maporomoko kuna jiwe pana, na kwamba mvua za kwanza zikishaosha moshi wa mashamba yaliyochomwa, anayesimama pale huiona milima ya kwao. Hakutaka kurudi, alimwambia Honorata. Alitaka kuiona tu, ajue bado ipo.

Lakini ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na wakimbizi walioishi nje ya kambi walikuwa wakikusanywa. Mwandiga palikuwa na kizuizi. Wenzake walishauri Veneranda akae katikati yao, na akiulizwa neno, Nasra ajibu kwa maneno mengi mpaka muulizaji achoke. Honorata aliuona huo kuwa mchezo wa hatari. Bila kumwambia mtu, alimwandikia mjumbe wa nyumba kumi barua ya kuomba utambulisho wa kundi zima, na chini yake akapanga majina tisa, kila jina na mahali alipozaliwa mwenyewe. Alipofika kwa Veneranda, kalamu ilisita. Angeweza kuandika Kasulu, upande huu wa mpaka. Akaandika Rumonge, kwa kuamini kwamba ukweli uliodhaminiwa na mwalimu ungekuwa ngao bora kuliko uongo.

Barua aliipeleka mwenyewe. Mjumbe, Mzee Dismasi, alikuwa na macho mabovu. Alimpa barua Feliksi, mgambo aliyekuwa amepita kunywa chai, amsomee. Feliksi alisoma kwa sauti, jina baada ya jina, hadi la saba. Hapo akalirudia polepole.

Mzee Dismasi alivua kofia akaiweka gotini. Miaka yote minne alikuwa amenunua dagaa wa Veneranda na kumtania kwa lafudhi yake. Nyumba zote kumi zilijua anakotoka, na hakuna aliyewahi kupataja.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "jambo hili nimelijua siku zote, na halikunisumbua. Sasa nimesomewa."

Honorata alinyoosha mkono aichukue barua yake. Feliksi alikuwa ameshaikunja. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba ataipeleka kwa wakubwa Jumatatu, si kabla, na kwamba anayekwenda kambini kwa miguu yake huchagua vitu vya kubeba, anayefuatwa hachagui.

Honorata alimkuta Veneranda akianika dagaa. Akamweleza yote bila kujitetea. Au ndivyo alivyodhani, maana baadaye alikumbuka kwamba alikuwa amesema "nilikusudia" mara tatu. Veneranda aliendelea kutandaza.

"Hapa mtaani ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza jina la kwetu," alisema. "Nilifurahi ulipouliza."

Honorata angependelea matusi.

Safari haikuvunjwa, Veneranda mwenyewe alikataa ivunjwe. Njia ya maporomoko na njia ya kambini ni moja hadi Mwandiga, na Jumamosi asubuhi walipanda gari pamoja, yeye na mkeka, sufuria mbili na godoro lililokunjwa. Kizuizini alijitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Akaelekezwa kwenye gari la Kasulu, la upande wa makambi, ambalo lilikuwa tayari linaunguruma. Nasra, aliyekuwa hajafanya mzaha tangu alfajiri, alimpakatisha migebuka yote, ya watu tisa.

"Utaniangalizia, Mwalimu?" Veneranda aliuliza.

"Nitakuandikia," Honorata alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno.

"Usiandike. Njoo uniambie."

Kijia kilikuwa rahisi kama kilivyosemwa. Wenzake walibaki chini wakilowesha miguu, wakisema machache, naye Honorata akapanda peke yake hadi kwenye jiwe. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Kaskazini, kando ya ziwa, milima ilipangana mmoja nyuma ya mwingine, ya karibu kijani, ya mbali ikififia kuwa samawati. Honorata hakujua ya huku inaishia wapi na ya kule inaanzia wapi. Wa kumwonyesha alikuwa ndani ya gari la Kasulu. Akaanza kuikariri yote, kutoka kushoto kwenda kulia, akihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza.