Vitumba vya Piyoni

Loretta Thibodeau aliwapikia watoto wa shule huko Vermont, Marekani, kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani, isipokuwa binti yake Colette. Juni mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya Colette, mama alitokea na mawaridi ya supamaketi yaliyopakwa rangi ya bluu na kufungwa kwa nailoni. Colette, ambaye hata mfuko wa plastiki hauingii nyumbani kwake, akasema mbele ya wageni, "Mama, maua haya yamepanda ndege kutoka ng'ambo, wewe mwenyewe hujawahi!" Watu wakaangua kicheko. Loretta akachukua koti lake, akaondoka. Tangu hapo hawakusemezana.

Juni ikafika tena, na Loretta alikuwa amechoka kujifanya hajali. Alimkumbuka mwanawe kila siku. Aliapa kwamba safari hii hakosei, na asubuhi ya siku hiyo ya kuzaliwa akaenda kwa jirani yake Harlan, mzee mkulima wa maua.

"Ala! Loretta! Supamaketi wamefunga leo?"

"Hebu nyamaza. Nataka maua yasiyopanda ndege wala kupigwa dawa."

"Hapa dawa ni mimi na jembe langu. Chukua piyoni."

Piyoni zilizofunguka zilikuwa kubwa kama bakuli. Loretta akanyoosha mkono, Harlan akamzuia.

"Hizo kesho kutwa zimepukutika. Chukua vitumba. Kikiwa kigumu, kiache, hakitafunguka. Kikibonyea kama mkate mpya, hicho ndicho."

Ebo! Kumpelekea mtu maua yaliyofumba? Lakini mambo ya mikate vidole vyake viliyajua. Akabonyeza kimoja kimoja hadi akapata kumi na viwili. Harlan akakung'uta sisimizi waliofuata utamu wa vitumba, akavifunga kwa gazeti na kamba ya katani.

Jioni akabisha hodi mlangoni kwa Colette. Colette akafungua. Akamtazama mama, kisha gazeti.

"Ya Harlan haya," Loretta akasema harakaharaka. "Hayana nailoni. Hayana dawa. Labda sisimizi wawili watatu."

Colette akagusa kitumba. "Mbona hayajafunguka?"

"Yatafunguka kesho asubuhi. Yaweke majini tu. Haya, mimi naenda, sikuja kukusumbua."

Akamkabidhi, akageuka. Alikuwa ameshashuka ngazi mbili aliposikia sauti ya binti yake.

"Kwa hiyo kesho niyatazame peke yangu?"

Loretta akasimama. Hakuthubutu kugeuka, machozi yalikuwa yameshamwahi.

"Kitanda chako nimekitandika tangu Jumatatu," Colette akasema. "Ingia basi, Mama, mbu wanaingia."